Shajara ya mradi: gari limeshuka, sasa ni alaimenti

Mradi ulipofika

Springi fupi zimeingia pande zote nne pamoja na shokapu zinazolingana nazo, na gari limeshuka karibu milimita 30. Kwa macho limekaa vizuri. Ukishika usukani ndipo unapata habari nyingine: kwenye barabara iliyonyooka linatangatanga, likikuta lami iliyobonyea kwa uzito wa malori linaufuata ule mfereji, na usukani umelala kulia kidogo ilhali gari linakwenda mbele. Yote hayo yalitarajiwa. Sehemu hii ya shajara ni ya alaimenti peke yake, yaani kupanga pembe za magurudumu, na nitakaa nayo kwa kirefu, kwa sababu ndiyo wengi wanaoshusha magari huiruka, au huimaliza kwa kusogeza tairodi za mbele basi, zile fimbo zinazosukuma magurudumu ukigeuza usukani.

Msimamo wangu tangu mwanzo: mashine ya alaimenti ni kituo cha mwisho. Kazi inayoamua kama vipimo vyake vitadumu hufanyika kabla gari halijapanda pale juu.

Urefu kwanza

Kabla ya kufungua nati yoyote nilipima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa fenda. Usipime kutoka sakafuni, maana tairi likiwa na upepo mdogo au likiwa limelika litakudanganya. Mbele ilikuwa milimita 368 kushoto na 366 kulia. Nyuma 372 na 371. Baada ya springi mpya, mbele ikawa 340 na 338, nyuma 343 na 342.

Nambari hizo za pili si za kudumu. Springi mpya huketi kadiri gari linavyotembea, vikalio vyake vya mpira navyo hujipanga, na bushi hulegea kutoka kwenye mkao wa zamani. Ukipima alaimenti siku ileile ya kufunga, unapima gari ambalo baada ya muda mfupi halitakuwepo.

Kwa nini pembe zinakimbia

Amu ya chini ya mbele, mkono wa chuma unaoshika gurudumu, imefungwa kwenye krosimemba (fremu ya chuma iliyo chini ya bodi) upande mmoja, na upande wa pili imeshika boljointi, kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Bodi ikishuka, gurudumu kwa hesabu ya bodi limepanda, na ncha ya amu inachora tao. Tairodi nayo inachora tao lake, lakini urefu wake ni tofauti na inapoanzia ni kwingine. Matao hayo mawili hayalingani, na tofauti yake yote inamwagikia kwenye tou, yaani jinsi magurudumu ya ekseli moja yanavyoelekeana au kupeana migongo ukiyatazama kutoka juu.

Kwenye gari hili raki ya stelingi iko nyuma ya ekseli, na magurudumu ya mbele yalifunguka, yakatazama nje. Ya nyuma yakafanya kinyume: yakaingia ndani kuliko kawaida, na vichwa vyake vikalala ndani zaidi, yaani kemba hasi imeongezeka (kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele au nyuma). Wasanifu wengi hupanga hivi kwa makusudi. Gari likiinama kwenye kona, gurudumu la mbele lililobonyezwa lifunguke kidogo, la nyuma lililobonyezwa lijifunge kidogo, ili mkia usimtoroke dereva. Sisi tuliolishusha tumelifanya liishi katika hali ya kubonyezwa saa zote, hata likiwa limeegeshwa.

Kwa hiyo lile tangatanga halimaanishi kwamba springi ni mbovu. Ni tou ya nje mbele. Kila gurudumu linavuta kuelekea upande wake, na shimo dogo tu linatosha kumpa mmoja ushindi.

Hesabu iliyonifanya niache kuhangaikia kemba

Ukiwasikiliza wanaoshusha magari, adui wa tairi ni kemba. Wanaona tairi limelika upande wa ndani, wanaona gurudumu limelala, wanafunga kesi. Nilikaa na kikokotoo.

Gurudumu lenye tou ya digrii 0.2 linataka kwenda upande mmoja huku gari likilivuta kwenda mbele. Katika kila kilomita 1, tairi hilo linaburutwa kwa ubavu karibu mita 3.5. Ukifika kilomita 10,000, limeburutwa kilomita 35 kwa ubavu juu ya lami. Na digrii 0.2 ni kidogo sana: kwenye rimu ya inchi 16, ni takriban milimita 1.4 za tofauti kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Jicho haliioni.

Kemba hasi ya digrii moja na nusu, tou ikiwa sawa, inasukuma uzito upande wa ndani wa tairi na kulika kunaonekana baada ya safari nyingi. Kemba ileile ikiwa na tou mbaya, tairi linaburutwa, na linaburutwa likiwa limekanyagia upande wa ndani tu. Hapo ndipo nyuzi za waya zinachungulia upande wa ndani wakati upande wa nje bado una kashata nzima. Kemba inachagua pa kula. Tou ndiyo inayokula.

Kuanzia hapo mpangilio wa kazi ukawa wazi: tou ipangwe mapema kwa mkono hata kama si kamili, gari litembee springi ziketi, kisha mashine.

Bushi

Hili ni la haraka kulieleza lakini ndilo ningemkazia mtu yeyote. Bushi nyingi za amu ni mpira uliogandishwa kwenye mrija wa chuma. Bolti ikikazwa, mrija unabanwa usizunguke, na amu inapocheza ni mpira unaojikunja. Ukikaza bolti hizo gari likiwa limening'inia kwenye jeki, amu zikiwa zimeanguka chini, umeambia mpira kwamba nyumbani ni pale. Ukiteremsha gari, mpira unabaki umekunjwa siku zote. Unalisukuma gari juu, unachanika mapema, na urefu wa gari unabadilika polepole kadiri mpira unavyokata tamaa. Alaimenti nayo inaondoka pamoja nao.

Kwa hiyo nililegeza kila bolti ya bushi mbele na nyuma, nikaweka jeki chini ya amu, nikapandisha hadi kipimo cha habu na fenda kikalingana na urefu mpya, ndipo nikakaza kwa spana ya kipimo. Mbele kushoto ukingo wa fenda ulishuka milimita 2 kwa kufanya hivyo tu.

Papo hapo nilikagua ulegevu. Gurudumu likiwa hewani, shika saa 12 na saa 6 utikise: ikigonga, ni boljointi au beringi. Shika saa 3 na saa 9: ikigonga, ni tairodi. Boljointi ya mbele kulia ilikuwa na mchezo, ikabadilishwa. Kupanga alaimenti juu ya boljointi iliyolegea ni kumpima mtu nguo huku anacheza ngoma.

Uzi na stendi nne

Tou ya muda niliipanga nyumbani kwa njia ya uzi. Stendi nne, mbili kila upande, na uzi wa kuvulia samaki umevutwa kwenye kimo cha katikati ya habu. Uzi wa kushoto na wa kulia lazima ziwe sambamba, na hapa ndipo pa kuwa makini: upana wa ekseli ya mbele na ya nyuma mara nyingi haulingani. Usijaribu kufanya umbali wa uzi hadi habu uwe sawa mbele na nyuma. Unachotaka ni kushoto na kulia kulingana kwenye ekseli ileile. Kwangu mbele ilikuwa milimita 90 kila upande na nyuma 97 kila upande.

Usukani umefungwa katikati. Rula ya chuma inawekwa kwenye ukingo wa rimu, mbele kisha nyuma, unasoma hadi kwenye uzi bila kuugusa. Ukiugusa unaanza upya, na uzi huo una tabia ya kutikiswa na kila anayepita kuja kuuliza unafanya nini.

Tatizo la nyumbani ni kwamba ukizungusha tairodi, tairi limeganda sakafuni na halifuati. Dawa yake ni vipande viwili vya plastiki ngumu chini ya kila tairi la mbele, grisi katikati. Gari likipanda juu yake, tairi linateleza kana kwamba liko kwenye sahani za mashine. Kabla ya hapo nilikuwa napiga nati ya tairodi robo mzunguko na rula haisogei hata kidogo. Baada ya plastiki na grisi, robo mzunguko unaonekana papo hapo.

Mbele nilikuta milimita 4 za tou ya nje kwa jumla. Nikairudisha hadi karibu sifuri, nikigawa sawa kushoto na kulia ili usukani usihame. Jaribio la barabarani: tangatanga limeisha. Usukani bado umelala kulia, na sababu yake iko nyuma.

Bolti ya nyuma iliyoganda

Nyuma kuna amu nyingi kila upande. Tou inarekebishwa kwa bolti ya kamu, ambayo sahani yake imetobolewa nje ya katikati, ukiizungusha inaisogeza amu. Kemba haina marekebisho ya kiwandani, kwa hiyo niliingiza amu za juu zenye nyuzi za kurefusha na kufupisha, nikizianza kwa urefu uleule wa zile za zamani.

Bolti ya kamu ya kulia ilitoka vizuri. Ya kushoto iligoma kwa namna ambayo ukiijua hutaisahau. Nati imefunguka. Unaweka spana kwenye kichwa cha bolti, unavuta, kinazunguka. Unafurahi. Unaachia spana, kinarudi kilipokuwa. Bolti imeshikana kwa kutu na mrija wa bushi, na unachozungusha ni mpira. Alama kwenye sahani inasogea mbele na kurudi, na ukivuta sana unasikia mpira ukilia.

Moto ungefungua kutu, ungechoma na bushi. Nyundo ingeharibu nyuzi. Nilifuata njia ya subira: brashi ya waya kwenye kila ncha, mafuta ya kupenyeza, usiku kucha, asubuhi mafuta tena, na kuzungusha kidogo mbele na nyuma bila kulazimisha, ili mafuta yatafute njia kati ya bolti na mrija. Mwishowe kulitoka mlio mkavu mmoja, na kichwa kikabaki nilipokiacha. Niliitoa yote, nikasafisha, nikaipaka grisi ya shaba kwenye shina, nikairudisha. Kama una mpango wa kushusha gari lililozeeka, shughulikia bolti hizi kabla hujaagiza springi. Gari lililo juu ya mashine huku bolti haizunguki halipangiki, na utarudi na karatasi yenye wekundu, yaani vipimo vilivyo nje ya mipaka.

Kutembea

Gari lilifanya kazi zake za kawaida kwa muda, kilomita mia kadhaa, mizigo na abiria pamoja. Vipimo vya habu vikatulia: mbele 336 na 335, nyuma 341 pande zote mbili. Vilipoacha kubadilika ndipo nikaanza kutafuta mashine.

Gereji ya kwanza

Fundi alitazama gari, akatazama bampa, akasema, "Bosi, gari likishashushwa nyuma halishikiki. Mimi nakupangia mbele tu, utaona litanyooka."

Nilishukuru nikaondoka. Kupanga mbele tu kwenye gari ambalo nyuma inarekebishika ni kuficha ugonjwa. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanaamua gari linaelekea wapi. Ya mbele yanafuata. Kama nyuma kushoto kumeingia ndani kuliko kulia, mkia wa gari unasukumwa kuelekea kulia kwa nusu ya tofauti hiyo, pua inataka kwenda kushoto, na dereva anashika usukani ukiwa umelala kulia ili aende moja kwa moja. Unaweza kuunyoosha usukani kwa tairodi, ukanyooka kweli, na gari likaendelea kutembea kimshazari kama kaa.

Gereji ya pili, juu ya mashine

Hapa fundi aliuliza urefu wa kushushwa kabla ya kuuliza kitu kingine. Nikajua tumefika.

Matayarisho: upepo wa matairi sawa kulingana na kibandiko cha mlangoni, tangi nusu, buti tupu. Mbao mbili ziliwekwa mbele ya njia za kupandia ili bampa lisikwaruze. Baada ya kufunga vibanio kwenye rimu, gari lilisukumwa nyuma kidogo na kurudishwa, ili mashine ijue kiasi gani rimu na vibanio vyenyewe vimepinda na iondoe kosa hilo kwenye hesabu. Kuna mahali hatua hiyo hurukwa. Ikirukwa, nambari zote zinazofuata ni za kibanio, si za gurudumu. Kisha pini za sahani zikatolewa, gari likabonyezwa mbele na nyuma likae sawa, breki ikafungwa.

Usomaji wa kwanza, kwa digrii na dakika (dakika 60 za pembe hufanya digrii 1):

Mbele, kemba −1°20′ kushoto na −0°50′ kulia. Kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa stelingi ukitazamwa kutoka ubavuni, karibu sawa pande zote. Tou ya jumla 0°04′ nje, si mbaya kwa uzi wa kuvulia samaki.

Nyuma, kemba −2°05′ na −1°55′. Tou 0°22′ ndani kushoto, 0°08′ ndani kulia. Pembe ya msukumo, yaani mwelekeo ambao magurudumu ya nyuma yanalisukumia gari, 0°07′ kuelekea kulia. Ndiyo ile usukani ilikuwa ikiisema siku zote.

Kilichonivutia zaidi ni tofauti ya kemba ya mbele, nusu digrii nzima. Gari huvutwa kuelekea upande ambao kemba yake si hasi sana, kwa hiyo hata tou ikipangwa vizuri lingeendelea kuvuta kulia. Jibu la haraka ni bolti nyembamba ya kemba kwenye shokapu. Fundi hakukimbilia hapo. Alisoma kwanza pembe ya mhimili wa stelingi (mwinamo wake ukitazamwa kutoka mbele) kila upande, akaijumlisha na kemba, na jumla ikalingana kushoto na kulia. Maana yake shokapu na nako ya gurudumu (chuma kinachoshika habu) havijapinda. Kilichohama ni msingi wanaokalia. Krosimemba ilikuwa imesogea kushoto, pengine tangu ilipolegezwa kwa kazi fulani zamani, maana matundu ya bolti zake huwa mapana kidogo kuliko bolti.

Alilegeza bolti za krosimemba, akaingiza pau kati yake na bodi, akaanza kuisukuma kulia huku macho yako kwenye skrini. Hapo ndipo pazuri pa kusimama na kutazama. Nambari ya kushoto inapungua, ya kulia inaongezeka, zinakutana. Kutoka boljointi ya chini hadi juu ya shokapu ni kama milimita 600, kwa hiyo robo digrii ni milimita 2 na nusu tu chini. Krosimemba ilisogea kiasi hicho, zikasimama −1°05′ kila upande, bolti zikakazwa, na hakukuhitajika kipuri chochote kipya.

Baada ya hapo mpangilio wa kawaida: nyuma kwanza, kemba kisha tou, ndipo tou ya mbele mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba unaiharibu tou. Amu za juu za nyuma zilirefushwa hadi kemba ikawa −1°30′ pande zote. Bolti ya kushoto, ileile, ilizunguka kwa mkono mmoja.

Vipimo tulivyomaliza navyo

Mbele: kemba −1°05′ pande zote, tou ya jumla 0°04′ ndani, imegawanywa sawa. Nyuma: kemba −1°30′, tou 0°07′ ndani kila upande, pembe ya msukumo sifuri.

Kemba ya nyuma ilibaki nyekundu kwenye skrini. Niliiacha. Rangi ile inalinganisha gari na urefu wa kiwandani, na gari hili halina tena urefu huo. Ningeweza kurefusha amu zaidi hadi iwe kijani, lakini gurudumu lililosimama wima kwenye gari fupi lingekaribia ukingo wa fenda kwenye matuta, na tairi halingenufaika kwa kiasi cha maana. Tou ilikuwa kijani pande zote nne, kushoto na kulia ni pacha, na hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Barabarani, na yaliyobaki

Usukani uko katikati. Nikiuachia kwa sekunde chache kwenye barabara tupu, gari linashika njia, kisha linafuata mteremko wa lami taratibu kama magari yote. Mifereji ya malori bado inasikika mikononi, ila haiamrishi tena.

Kihisi cha pembe ya usukani kilisanifishwa upya kwa kompyuta palepale. Bila hivyo mfumo wa kudhibiti uthabiti unaweza kudhani unakata kona ukiwa umenyooka. Taa za mbele nazo zilihitaji kupandishwa kidogo, kwa kuwa gari limeshuka zaidi mbele kuliko nyuma.

Kuna kitu ambacho alaimenti haikigusi. Tairodi bado zimekaa kwa mshazari usio wa asili, kwa hiyo gurudumu likipanda kwenye tuta linabadilisha tou kwa muda mfupi, zaidi ya lilivyozoea. Kwa milimita 30 naivumilia. Nikishuka zaidi ya hapo nitahitaji boljointi ndefu au tairodi zilizosogezwa, na sina mpango huo.

Matairi nayapitishia kiganja kila ninapojaza upepo, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Tou ikianza kukimbia, mkono unakwenda laini upande mmoja na kukwaruzwa ukirudi, muda mrefu kabla jicho halijaona kitu. Mpaka sasa ni laini pande zote. Kinachofuata ni vizuizi vya mpira vya shokapu za nyuma, ambavyo kwa abiria watatu vinagusa mapema kuliko nipendavyo. Nikivibadilisha, urefu wa nyuma nitaupima tena kabla ya kusema chochote kuhusu vipimo vya leo.